AN97055: mchoro wote tunaujua, maneno hatuyasomi

Bandugu wa elektroniki, tuongee juu ya karatasi moja ya mu 1997. Herman Schutte aliiandika kwa Philips, hao wenyewe walizaa I2C mu 1982. Iko fupi, haina majivuno. Vimoduli vya BSS138 tunavyonunua leo vinatoka kwa mchoro wake.

Swali lake, tukiliweka kwa vifaa vyetu: namna gani ESP32 ya volti 3.3 itasikilizana na ekrani ya LCD yenye PCF8574 ya volti 5? Pini ya ESP32 mwisho wake ni 3.6. PCF8574, ikikula volti 5, inadai 3.5 ili ihesabu "juu". Wenzetu wanaunga moja kwa moja na kusema: mbona inatembea? Inatembea, ndiyo, juu rezistansi za ekrani zinapunguza umeme unaoingia mu pini. Hiyo njo kuishi kwa deni.

Uzuri wa Schutte ni kuona kwamba kwenye I2C hakuna kifaa kinachosukuma waya juu. Kila kimoja kinavuta chini tu, na rezistansi inarudisha. Basi tranzista moja ya MOSFET kwa kila waya inatosha: geti kwa 3.3, sosi upande wa 3.3, dreni upande wa 5. Wote wakinyamaza, tranzista inalala, kila upande unapanda kwa volti yake. Upande wa 3.3 ukivuta, inaamka. Upande wa 5 ukivuta, diodi ya ndani inaanza kushusha sosi, kisha tranzista inaamka yenyewe. Hakuna waya wa kuonyesha mwelekeo. Mimi sijaona kitu safi kuliko hicho mu masomo yetu.

Kimoduli chenyewe sikisifu vile. Kinakuja na rezistansi za kiloohm 10. Kwa kilohezi 400, I2C inataka waya upande ndani ya nanosekunde 300. Kama upande wa 3.3 una hiyo rezistansi peke yake, kapasitansi isipite pikofaradi 35 hivi. Waya mrefu kidogo tu, umepita. Shuka kwa kilohezi 100, ao ongeza kiloohm 4.7 upande huo.

Na wenye kukiweka kwenye SPI ya megahezi kadhaa? Pale kifaa kinasukuma juu na chini, lakini tranzista ikilala, kupanda kunabaki kazi ya rezistansi. Kutoka 3.3 kwenda 5, tafuta 74AHCT125.