Kaini, Mjenzi wa Mji

Msomaji, ukiulizwa ni nani aliyejenga mji wa kwanza utajwao katika Biblia, huenda ukawataja watu wa Babeli. Jibu limo mapema zaidi, katika sura ya 4 ya Mwanzo. Mjenzi alikuwa Kaini, yule aliyemwua nduguye. Naye aliuita mji huo Henoko kwa jina la mwanawe. Wasomaji wengi hupita aya ile mbio kama wapitao mlango wa jirani. Jacques Ellul hakupita. Alisimama hapo, na katika kusimama kwake alipata kitabu kizima, ambacho kwa Kifaransa huitwa Sans feu ni lieu.

Ellul alizaliwa Bordeaux, Ufaransa, mwaka 1912, akafariki mwaka 1994. Alikuwa profesa wa historia ya sheria na Mkristo wa Kanisa la Kiprotestanti. Hoja yake juu ya Kaini ni hii: Mungu alikwisha kumtia Kaini alama ili asiuawe na mtu amwonaye. Alama hiyo haikumtosha. Alitaka ulinzi auonao kwa macho na kuushika kwa mikono, basi akajenga. Kwa hiyo mji, machoni pa Ellul, si mkusanyiko wa nyumba tu. Ni jibu la mtu ambaye hakuridhika na ahadi aliyopewa. Watu wa Babeli walifuata njia iyo hiyo. Walioka tofali, wakapata lami, na kwa ufundi huo wakatafuta jina.

Usomaji huu una nguvu, wala sijui mwingine uonyeshao vizuri kama huu kwamba chombo huweza kuzaliwa na hofu. Lakini hapa nathubutu kutofautiana naye. Katika sura ile ile ya 4, kizazi cha Kaini kinawatoa Yubali, baba wa wapigao kinubi, na Tubal-kaini, mfua vyuma. Kinubi cha nyumba ya Kaini hakikutupwa. Tunakikuta tena katika Zaburi, kikimsifu Mungu. Tena katika Kutoka sura ya 31 tunasoma habari za Bezaleli, fundi wa dhahabu, mawe na mbao, ambaye Biblia yasema alijazwa Roho wa Mungu kwa ajili ya kazi yake. Mizani ya haki haina budi kuwapima Kaini na Bezaleli pamoja, na katika mizani ya Ellul upande wa Kaini umeelemea mno.

Kitabu chake kilichovuma zaidi ni La Technique ou l'enjeu du siècle, kilichotoka mwaka 1954 na kutafsiriwa kwa Kiingereza mwaka 1964. Wengi hudhani kwamba ndani yake anazitukana mashine. Sivyo. Adui yake ni ile tabia ya akili aliyoiita kwa neno ambalo katika Kiswahili twaweza kulikaribia kwa kusema mbinu: yaani kutafuta, katika kila jambo, njia moja ipitayo zote kwa kufanikisha kazi, kisha kuifuata bila kuuliza kama kazi yenyewe ni njema. Mashine ni mtoto mmoja tu wa mbinu. Watoto wengine wamo katika serikali, katika michezo, katika biashara, na katika malezi.

Wamo darasani pia, msomaji, nawe wawajua. Mwanafunzi amwulizaye mwalimu kama jambo fulani litatokea katika mtihani, na akijibiwa kuwa halitatokea anafunga daftari, ameshikwa na mbinu, hata kama shule yake haina kompyuta hata moja. Kanisani ni vivyo hivyo. Mwaka 2020, makanisa ya Kenya yalipofungwa kwa sababu ya maradhi ya Covid-19, ibada nyingi zilipelekwa nyumbani kwa njia ya simu na televisheni. Jambo hilo lilikuwa jema, kwa kuwa wagonjwa na wazee hawakuachwa bila neno. Swali la Ellul huanza pale mhubiri apohesabu watazamaji wake, akakata mahubiri yapate urefu uwapendezao.

Hata hivyo kitabu hiki kinachunguza nchi zilizokwisha kujaa viwanda. Mama atekaye maji mtoni kwa mtungi, akiletewa bomba karibu na mlango, hapokei sanamu ya kuabudu. Apokea nafuu ya mgongo. Asiyekosa kitu hukiona kikimtawala upesi kuliko akikosaye, na jambo hilo Ellul halipi nafasi ya kutosha.

Lawama nyingine apewayo ni kwamba anakata tamaa. Lawama hii ina sababu, kwani aliandika kwa makusudi vitabu vya namna mbili: vya jamii, visivyo na mahubiri, na vya Biblia. Asomaye vya kwanza peke yake hupata habari za ugonjwa bila tiba. Kitabu cha mji kinamalizika Yerusalemu Mpya ya Ufunuo: Mungu auchukua mji, kazi ya mtu mwasi, na kuufanya makao yake, badala ya kumrudisha mtu bustanini. Maisha yake nayo si ya aliyekata tamaa. Serikali ya Vichy ilimwondoa kazini mwaka 1940. Akaishi mashambani akilima, akawasaidia Wayahudi waliokuwa wakiwindwa, na mwaka 2001 taasisi ya Yad Vashem ya Yerusalemu ilimheshimu kwa ajili hiyo.

Ukitaka kumsoma, anza na kitabu cha mji. Tafsiri yake ya Kiingereza ilitoka mwaka 1970, miaka mitano kabla ya Kifaransa chenyewe. Weka Biblia kando yako, ufunue Mwanzo 4 na 11, na Ufunuo 21, ubishane naye kila ukurasa. Kile cha 1954 ni kirefu na kikavu mahali pengi. Chaweza kungoja likizo.