Picha za Ukutani za Murang'a

Sehemu ya maji ya mto Tana yapitayo Balambala hutoka katika vilima vya Murang'a, kwa mito ya Mathioya na Maragua. Huko juu, katika Kanisa Kuu la Mtakatifu Yakobo, zimo picha tano kubwa zilizochorwa ukutani mwishoni mwa miaka ya 1950 na Elimo Njau, mzaliwa wa Marangu aliyesomea sanaa Makerere. Zaonyesha kuzaliwa kwa Yesu, ubatizo, karamu ya mwisho, huzuni ya Gethsemane na kifo cha msalabani. Yesu ni mtu mweusi, na nchi aikaayo ni ya Wakikuyu.

Msomaji aweza kuuliza: je, huu si uongo? Yesu alizaliwa Palestina. Lakini wachoraji wa Italia nao walimpa sura ya kwao, wakamweka kati ya majumba yao, wala hawakuitwa waongo. Mchoraji wa namna hii hatafuti habari za mahali, bali maana.

Basi, maana ipi? Kanisa hilo lilijengwa wakati wa Hali ya Hatari, iliyotangazwa mwaka 1952, ili kuwakumbuka Wakikuyu Wakristo waliouawa kwa kukataa kiapo cha Mau Mau. Ukuta wake ungeweza kutumiwa kulaumu upande mmoja. Lakini ateswaye pale ana ngozi ya pande zote mbili. Mama wa Murang'a, awe amefiwa na mwana wa kanisani au wa msituni, aweza kumtambua mwanawe. Hapo ishara imepita kusudi la jengo lenyewe.

Tazama pia mpango wa picha. Zaanza kwa furaha ya mtoto, zaishia msalabani, ufufuo haukuchorwa. Kwa hiyo huzuni ndiyo ibakiayo machoni, na naona ni haki, kwani mwenye msiba hatulizwi kwa kuharakishwa.

Mwanafunzi wa Balambala, ambaye huenda ni Mwislamu na msikiti wake hauna picha, asidhani kwamba haya hayamhusu. Aishiye kando ya Tana katika nchi kavu ajua upesi kwa nini maji yawe ishara ya uhai mpya. Aweza kuielewa ishara bila kuipokea dini yake, na kwa kuielewa atamjua zaidi jirani yake wa vilimani.