Harufu Aliyoinusa Mama

Borgny Egeland wa Norway alizaa watoto wawili walioonekana wazima, kisha akili zao zikadumaa. Alizunguka kwa madaktari wengi bila kupata jibu, naye hakukata tamaa. Alikuwa na jambo moja aliloling'ang'ania: wanawe walikuwa na harufu isiyo ya kawaida. Mwaka 1934 alimfikia Asbjørn Følling, daktari wa Oslo aliyesomea pia kemia, naye akamsikiliza.

Kwangu mimi, utafiti wa maradhi ya kurithi huanzia hapo, kabla ya mashine yoyote. Følling alitia kloridi ya chuma kwenye mkojo wa watoto wale, nao ukageuka kijani, rangi ambayo hakuitarajia. Mwenye pupa angetangaza ugunduzi siku hiyohiyo. Yeye alimwomba mama asimamishe kwanza dawa zote alizokuwa akiwapa, asije akawa anapima dawa badala ya ugonjwa. Alipopima tena, kijani kilikuwa palepale. Akaomba mkojo zaidi, na mama akawa anauleta, zaidi ya lita 20 kwa jumla, mpaka ikapatikana asidi ya fenilpiruviki, iliyoleta kijani kile. Naistahi sana kazi hii ya chupa, uvundo na subira.

Hakuishia kwa familia moja. Alipima mkojo wa watu 430 waliokuwa wakitunzwa katika vituo vya wenye ulemavu wa akili, akapata wanane wenye dalili ileile, na baadhi yao walikuwa ndugu wa tumbo moja. Basi jambo lilikuwa la ukoo. Ugonjwa huo leo unaitwa fenilketonuria. Baba na mama, wote wazima, kila mmoja hubeba nakala moja yenye kasoro ya jeni ileile. Mtoto akirithi zote mbili, ini lake hushindwa kuivunjavunja fenilalanini inayotoka kwenye chakula, nayo hulimbikizana na kuharibu ubongo. Jeni yenyewe, iliyoko kwenye kromosomu ya 12, ilinaswa na timu ya Savio Woo kule Marekani katika miaka ya 1980, nusu karne baadaye. Mzazi aliyeambiwa amerogwa, au kwamba analipia dhambi zake, anastahili kuelezwa haya taratibu, ana kwa ana.

Mapema miaka ya 1950, huko Birmingham, Uingereza, mama mwingine alikuwa akimngoja daktari Horst Bickel kila asubuhi mlangoni pa maabara, akimdai tiba ya mwanawe mwenye ugonjwa huohuo. Msukumo wake ndio uliozaa lishe yenye fenilalanini kidogo. Baadaye mtafiti Robert Guthrie akabuni kipimo cha kuugundua ugonjwa huo mapema, kwa tone la damu ya kisigino cha mtoto mchanga likaushwalo kwenye karatasi. Mtoto anayeanzishiwa lishe hiyo katika wiki zake za kwanza hukua na akili timamu. Wana wa Egeland hawakuwahi kuipata wakiwa wachanga.

Yako maradhi mengi ya utotoni ambayo jeni zake bado hazijajulikana. Siku hizi watafiti huzisaka kwa kulinganisha DNA ya mtoto na ya wazazi wake wote wawili, kwa hiyo damu ya mgonjwa peke yake mara nyingi haitoshi. Baba, ukiitwa nawe, nenda. Na kabla hujanyoosha mkono, uliza damu yako itatumiwaje na majibu utayapata lini.