Mtu wa Roshani: Kuisoma Picha Moja ya Bhupen Khakhar

Kila mwalimu wa Kiswahili anaijua ngano ya baba, mwana na punda. Baba akipanda, watu humwonea mwana huruma. Mwana akipanda, huambiwa hana adabu. Wakipanda wote wawili, huambiwa wanamtesa mnyama. Sote tumeifundishia ufahamu. Hatukutarajia kuikuta katika picha ambayo wahakiki huihesabu kuwa tamko la mchoraji kuhusu mapenzi yake kwa wanaume.

Picha hiyo ni ya Bhupen Khakhar (1934–2003), mzaliwa wa Bombay aliyehamia Baroda mwaka 1962, mhasibu kwa riziki na mchoraji kwa kujifundisha. Aliichora mwaka 1981 kwa rangi za mafuta, jina lake likiwa na maana ya Huwezi Kumridhisha Kila Mtu, na imo katika hazina ya Tate, London. Mwanamume aliye uchi amesimama roshanini, ametupa mgongo, anatazama mtaa. Huko nje ngano inaendelea: baba, mwana na punda wamechorwa zaidi ya mara moja, tukio baada ya tukio, kama msimulizi anavyowapitisha njiani.

Kwa istilahi zetu, hiki ni kisa ndani ya kisa. Aghalabu husifiwa ujasiri wa picha hii. Kwa maoni yetu, nguvu yake imo katika haya. Mtu huyu hasemi neno. Amewaachia wasafiri wa ngano wamsemee, nasi tunajua tayari wapita njia watasema nini. Ikumbukwe pia kwamba kifungu cha 377 cha sheria ya jinai ya Uhindi ya mwaka 1860 kilikuwa kikiadhibu mapenzi ya namna hiyo; Mahakama ya Juu ilikiondolea nguvu hiyo kwa watu wazima wanaoridhiana mwaka 2018, miaka 15 baada ya mchoraji kufariki.

Mwaka 1982 alichora Wanaume Wawili wa Benares. Hapa ngano haipo tena. Wawili wamekumbatiana uchi, na pembeni yao mji mtakatifu unaendelea na ibada zake kwa umbo dogo. Tukiri kwamba hiyo hatukuipeleka darasani.

Ile ya kwanza tuliipeleka, na mjadala ukaangukia sarufi! Khakhar aliandika pia hadithi na tamthilia kwa Kigujarati, lugha yenye jinsia tatu za kisarufi, ambamo kivumishi na hata kitenzi vyaweza kumfichua anayetajwa. Kiswahili hakina shida hiyo. “Mpenzi wake alimngoja” ni sentensi kamili, wala hakuna ajuaye nani ni mwanamume na nani ni mwanamke. Mchoraji hana kiambishi a- cha kujifichia. Akichora mwili, ameshasema.

Tuliwapa wanafunzi zoezi la kuieleza picha kwa aya moja. Wengi walimwita mtu wa roshani “mzee mmoja”, wakaruka uchi wake, wakakimbilia kwa punda. Mwanafunzi mmoja aliandika kwamba mtu huyo anangoja zamu yake ya kusemwa. Tulimpa alama zote, kisha ikatubidi tujieleze kwa wenzetu wa kamati ya mitihani, waliouliza kwa nini picha ile ilipelekwa darasani.