Mo Farah: dhiki ya utotoni ilifanya nini, na nini haikufanya

Katika fainali ya mita 10,000 kwenye Michezo ya Olimpiki ya Rio mwaka 2016, Mo Farah wa Uingereza alikwaana na Galen Rupp, mwenzake wa mazoezini, akaanguka mnamo mzunguko wa 10 kati ya 25. Aliinuka, akainua kidole gumba kuonyesha kwamba yu mzima, akarudi kwenye kundi taratibu. Katika mita 100 za mwisho alimpita Paul Tanui wa Kenya na kushinda kwa dakika 27 na sekunde 5.17, Tanui akiwa nyuma yake kwa chini ya nusu sekunde. Maelezo yanayotolewa mara nyingi kuhusu ushindi wa namna hii ni mepesi: aliyeteseka utotoni hababaishwi na kuanguka uwanjani. Kwangu mimi maelezo hayo yana nusu ya ukweli, na nusu inayokosekana ina madhara, kwa sababu wapo makocha na wazazi wanaoyachukua kama ruhusa ya kuwatesa watoto wakidhani wanawakomaza. Farah anafaa kuipima hoja hiyo kuliko wengi, kwa kuwa dhiki yake ilikuwa kubwa kweli, na tarehe za maisha yake zinaweza kuwekwa kando ya matokeo yake.

Alizaliwa mwaka 1983 Somaliland. Baba yake aliuawa katika mapigano yeye akiwa na miaka minne. Akiwa na miaka tisa hivi alichukuliwa kutoka Djibouti na mwanamke asiyemjua, akaingizwa Uingereza kwa jina la mtoto mwingine, na huko London akatumikishwa kazi za nyumbani na kulea watoto wa watu. Jina lake la kuzaliwa ni Hussein Abdi Kahin. Haya aliyaeleza hadharani Julai 2022, medali zote zikiwa zimekwisha kupatikana. Kabla ya hapo watu waliamini kwamba aliingia Uingereza na wazazi wake kama mkimbizi, na ushindi wake ulikuwa umeshaelezwa kwa kutumia hadithi hiyo ya kwanza. Hadithi ikabadilika, lakini maelezo yakabaki yaleyale: aliteseka, ndiyo maana akashinda. Maelezo yanayoweza kubandikwa juu ya dhiki ya aina yoyote, hata ile ambayo haikutokea, bado hayajaeleza kitu.

Tutazame basi kilichotokea. Alipoanza shule Feltham, magharibi mwa London, akiwa na miaka 12 hivi, Kiingereza kilikuwa kinamshinda. Mwalimu wa michezo, Alan Watkinson, aliona kwamba kijana huyu anachangamka akiwa uwanjani tu. Farah akamfungulia moyo. Mwalimu akawahusisha watu wa ustawi wa jamii, na mtoto akahamishiwa kwa familia nyingine ya Kisomali. Baadaye Watkinson alimsaidia kuomba uraia, akaupata mwaka 2000, na mwaka uliofuata akawa bingwa wa vijana wa Ulaya wa mita 5,000. Hapa dhiki ina mchango wake na sitaupunguza. Kwa mtoto asiye na nafasi nyumbani wala lugha darasani, kukimbia kulikuwa mahali pekee alipokuwa mtu kamili, na mapenzi yanayozaliwa hivyo hayakatiki kirahisi. Lakini kupenda kukimbia ni jambo moja, kujua kushinda ni jingine.

Hilo la pili lilichelewa sana. Kwenye Olimpiki ya Beijing mwaka 2008, akiwa na miaka 25, Farah hakufika hata fainali ya mita 5,000. Mateso yote yaliyokuwa yamjenge alikuwa ameshayapitia, tena miaka zaidi ya 10 nyuma. Kama dhiki ndiyo iliyotengeneza fikra za mshindi, ilikuwa wapi siku ile? Jibu naliona katika mambo mengine. Mwaka 2005 alihamia Teddington, akakaa nyumba moja na wakimbiaji wa Kenya, miongoni mwao Micah Kogo, ambaye ndiye aliyechukua shaba ya mita 10,000 hapo hapo Beijing. Kwao aliona maisha asiyoyazoea: kufanya mazoezi, kula, kulala mapema, kuamka na kurudia. Mwaka uliofuata alipata medali ya fedha ya Ulaya. Akaenda kufanya mazoezi Iten, Kenya, na mwaka 2011 akahamia Marekani kwa kocha Alberto Salazar. Dhahabu mbili za London zikaja mwaka 2012, akiwa na miaka 29. (Salazar alifungiwa mwaka 2019 kwa makosa ya dawa zilizokatazwa, Farah alikuwa ameondoka mwaka 2017, na yeye mwenyewe hakuwahi kukutwa na kosa. Jambo hilo lina uzito wake, ila halirudishi sifa kwa dhiki.)

Sasa turudi Rio na kalamu mkononi. Muda wake wa mwisho unatoa wastani wa sekunde 65 kwa kila mzunguko. Aliyeanguka akapoteza sekunde chache, huku zaidi ya nusu ya mbio ikiwa bado, ana njia mbili: kulifukuza kundi kwa hofu na kuchoma nguvu anayoihitaji mwishoni, au kuligawa deni lile dogo kwa mizunguko kadhaa. Farah alichagua ya pili. Ili kuchagua hivyo, mkimbiaji lazima miguu yake iijue kasi bila saa, na aiamini kasi yake ya mwisho kwa ushahidi wa mazoezi. London, katika fainali ya mita 5,000 iliyokwenda polepole, alishika uongozi zikiwa zimebaki mita 700 hivi na hakumwachia mtu njia ya ndani, hata Dejen Gebremeskel wa Ethiopia na Thomas Longosiwa wa Kenya wakalazimika kumzunguka kwa nje. Mipango ya namna hii hufundishwa na kurudiwa hadi ikae mwilini. Mtoto aliyetumikishwa hujifunza kuvumilia. Lini asubiri na lini achomoke, hilo utumwa wa nyumbani haumfundishi mtu.

Kuna pingamizi zito. Watafiti wa Uingereza waliolinganisha washindi wakubwa wa medali na wanariadha wa kiwango cha juu ambao hawakushinda, na kuchapisha matokeo mwaka 2017, walikuta matukio mabaya ya utotoni zaidi kwa wale wakubwa. Wanaoitetea dhiki huishia hapo. Lakini kilichowatofautisha washindi kilikuwa tukio baya lililokaa karibu na tukio jema la kimichezo: mtoto amepoteza kitu, na karibu na wakati huohuo mchezo umempa thamani. Ukiondoa hilo la pili, unabaki na mtoto aliyeumia tu. Na kuna hesabu isiyofanywa: tunawahoji waliofika jukwaani, hatuwahoji walioletwa London kwa njia ileile wasikutane na mwalimu wa kuwasikiliza. Mark Seery na wenzake walipowachunguza watu 2,398 nchini Marekani, katika utafiti uliotoka mwaka 2010, waliona kwamba waliopitia shida za kiasi walikuwa na hali bora ya akili kuliko wasiopitia yoyote, na pia kuliko waliozidiwa nazo. Kiasi hicho hakuna kocha anayeweza kumpimia mtoto wa mtu.

Msomaji wa Eldoret atanijibu kwa mfano wa nyumbani: mbona wakimbiaji wetu walitembea na kukimbia kilomita nyingi kwenda shule? Ni kweli, na utafiti uliochapishwa mwaka 2006 ulionyesha kwamba wanariadha wa Kenya wa kimataifa walikuwa wamekimbia kwenda shule zaidi kuliko Wakenya wa kawaida. Ila kukimbia kila siku kwenye nyanda za juu ni mazoezi kabla ya kuwa mateso, na moyo na mapafu hunufaika nayo hata mtoto akiwa ameshiba. David Rudisha, aliyekimbia mita 800 kwa dakika 1 na sekunde 40.91 mwaka 2012, ni mtoto wa Daniel Rudisha aliyeleta medali ya fedha ya Olimpiki mwaka 1968. Alichorithi nyumbani ni imani kwamba medali inapatikana. Eliud Kipchoge alilelewa na mama peke yake huko Kapsisiywa na kuuza maziwa, kama vijana wengi wa Nandi. Tofauti yake ni kwamba alimwendea jirani, Patrick Sang, mshindi wa fedha ya Olimpiki ya Barcelona mwaka 1992, kuomba programu ya mazoezi, akaimaliza, akarudi kuomba nyingine. Mwaka 2003, akiwa na miaka 18, aliwashinda mabingwa Hicham El Guerrouj na Kenenisa Bekele katika mbio za mjini Paris. Njia ya kwenda shule waliipita watoto wote wa kijiji kile. Programu ya Sang ndiyo ambayo wengi wao hawakuwahi kuishika mkononi.