Farumi ya Trekta Dogo

Farumi ni mzigo usio na mnunuzi. Mabaharia wa pwani huutia katika ngama ya jahazi linaporudi tupu, mawe au mchanga, ili tanga likishika upepo chombo kisilale ubavu. Hakuna anayelipia nauli ya mawe hayo wala anayeyangoja bandarini. Kazi yake ni kukaa chini na kutulia. Trekta dogo nalo lina farumi yake: maji ndani ya matairi, vyuma vya duara katika magurudumu, vipande vya chuma vilivyopangwa puani, kasha la zege mgongoni. Kujua uwekwe uzito kiasi gani, wapi na kwa muda gani ni ufundi kamili, na kadiri chombo kinavyokuwa chepesi ndivyo kinavyosamehe makosa machache.

Huitwa dogo trekta lenye injini ya nguvu farasi 15 hadi 50 hivi, na uzito wake huwa kati ya kilo 600 na 1,800. Aina hii ilikomaa Japani, ambako majaruba ya mpunga ni madogo na njia za kuyafikia ni nyembamba. Mwaka 1969 Kubota iliingiza Marekani trekta lake la L200, lenye nguvu farasi 21, na wenye mashamba ya ekari chache wakalipokea kwa kazi ambazo matrekta makubwa yalikuwa yakizidharau: kufyeka nyasi, kuzoa samadi, kuchimba mashimo ya nguzo, kusukuma theluji. Wepesi ndio uzuri wake. Hugeuka mahali finyu, hula mafuta kidogo, wala haliachi mifereji kwenye malisho. Wepesi huohuo ndio unaolifanya lizungushe magurudumu bure likifungwa plau, au linyanyue tairi la nyuma likibeba mchanga kwa kijiko cha mbele.

Injini peke yake haivuti plau. Inazungusha gurudumu tu. Gurudumu husukuma udongo nyuma, na udongo, ukikataa kusogea, ndio unaolipeleka trekta mbele. Kukataa huko hutegemea jinsi udongo ulivyogandamizwa. Tairi jepesi hukata tabaka la juu kwa meno yake na kulitupa nyuma, likabaki palepale huku moshi ukizidi. Tairi lenye uzito wa kutosha huyazamisha meno, na udongo ulio katikati ya meno hayo ukawa ngazi ya kupandia.

Zamani magurudumu ya trekta yalikuwa ya chuma tupu yenye miiba. Mwaka 1932 kampuni ya Allis-Chalmers ya Marekani ilianza kuuza trekta lenye matairi ya upepo, na faida zikaonekana mara moja: mwendo mkubwa zaidi, mafuta kidogo, na mgongo wa dereva ukapumzika. Lakini mpira na hewa ni vyepesi kuliko chuma, na kwenye nyasi zenye umande matairi hayo yaliteleza. Ndipo wakulima na watengenezaji wa matairi walipoanza kutia maji ndani ya mpira na kufunga visahani vya chuma kwenye rimu.

Njia nyingine iligunduliwa na Harry Ferguson, mhandisi kutoka Ireland. Aliona matrekta ya zama zake yakisimama wima kama farasi aliyeshtuka, na kumwangukia dereva, kila plau lilipogota kwenye jiwe. Badala ya kulikokota plau kwa mnyororo, alilishikiza kwa mikono mitatu, miwili chini na mmoja juu, na kuiunganisha na haidroliki. Plau likizama na udongo kulikaza, mkono wa juu husukuma mbele, pua ya trekta hukandamizwa chini, na uzito wa plau pamoja na wa udongo ulio juu yake hulalia magurudumu ya nyuma. Trekta huazima uzito kutoka shamba lenyewe, na plau likigota, haidroliki huachia mkopo huo ili magurudumu yazunguke bure na trekta lisipinduke. Mpango huo uliingia sokoni kwa wingi mwaka 1939 katika trekta la Ford-Ferguson 9N, kisha katika TE20, trekta la kijivu la tani moja na kidogo lililotengenezwa Coventry, Uingereza, kuanzia 1946 hadi 1956. Yalitoka zaidi ya 500,000. Karibu kila trekta dogo la leo lina mikono mitatu ya Ferguson, na hilo ndilo somo la kwanza la farumi: uzito bora ni ule unaokuja na kazi na kuondoka nayo.

Uzito uliopo ukipungua, upungufu hupimika bila chombo cha kisasa. Fundi huchora alama ya chaki ubavuni mwa tairi la nyuma, huzamisha plau, na kuhesabu mizunguko 10, akichomeka kijiti mwanzo na kingine mwisho. Kisha hurudi mwanzo, huinua plau, na kupita tena baina ya vijiti vilevile akihesabu. Ikipatikana mizunguko 8 na nusu, mmoja na nusu kati ya ile kumi ya kwanza ulikwenda bure, yaani asilimia 15. Kwenye ardhi ya kulima, asilimia 8 hadi 15 ni hali njema. Ikizidi hapo, mpira na mafuta vinaliwa bure. Ikishuka sana, trekta limelemewa, na kila mzunguko unabeba mzigo usiohitajika.

Mwenye jicho husoma jambo hilo kwenye nyayo. Uzito ukipungua, alama za meno hufutika kabisa, ukabaki mfereji laini kama uliofagiliwa. Uzito ukizidi, alama hukaa kali na kamili, kama muhuri kwenye nta. Uzito ukiwa sawa, kingo za alama huonekana lakini katikati yake udongo umevurugika kidogo, kwa kuwa tairi limesogea kiasi cha haki kabla ya kushika.

Farumi ya bei nafuu ni maji. Trekta huinuliwa kwa jeki hadi tairi lisibebe kitu, gurudumu huzungushwa hadi valvu ifike juu kabisa, kiini cha valvu hufunguliwa, na hewa huachwa itoke mpaka sauti ikome. Maji huingizwa kwa mpira mwembamba, yakisimamishwa mara kwa mara ili hewa iliyobaki ndani ipumue nje. Yakianza kutiririka kwenye valvu, tairi limejaa kama robo tatu, na hapo ndipo mwisho. Robo inayobaki huachiwa hewa, kwa kuwa maji hayabonyei, na tairi lililojaa maji matupu hupigapiga kama gogo. Gurudumu la trekta dogo linaweza kumeza lita 50 hadi 150 kulingana na ukubwa wake, na kila lita ni kilo moja. Uzito huo una adabu yake: umekaa chini kabisa, na unakanyaga ardhi moja kwa moja bila kuitwisha ekseli.

Mahali pasipo na baridi kali maji matupu hutosha. Kaskazini mwa Marekani na Ulaya, ambako maji huganda ndani ya tairi, huyeyushwa humo kloridi ya kalsiamu, chumvi inayozuia kuganda na kuongeza uzito hadi kilo 1.2 au zaidi kwa lita. Lakini ikivuja hula rimu kwa kutu. Wengine hutumia maji mazito yanayobaki katika utengenezaji wa sukari ya viazisukari, ambayo hayagandi upesi wala hayali chuma, ila bei yake ni kubwa.

Baada ya maji huja chuma. Visahani vya chuma cha kusubu hufungwa kwa bolti kwenye magurudumu ya nyuma, na vipande vyenye mpini hupangwa kwenye fremu ya mbele, kimoja kimoja, kadiri pua inavyohitaji. Mwisho huja kasha la nyuma linaloning'inia kwenye mikono mitatu. Hili halihitaji kiwanda: pipa la lita 200 likijazwa zege hufikia kilo 480 hivi, likijazwa mchanga mkavu kama kilo 320. Mwenye trekta jepesi hukata pipa nusu, kwa kuwa mikono ya haidroliki nayo ina kikomo chake.

Kasha la nyuma na maji ya tairi havifanyi kazi moja, ingawa kilo ni kilo. Mchukuzi wa maji mwenye mzega begani huelewa hili bila hesabu: ndoo ya mbele ikiongezwa maji, ya nyuma lazima ijibu, na ndoo iliyo mbali na bega hujibu zaidi ya iliyo karibu. Katika trekta lenye kijiko, bega ni ekseli ya mbele. Tuseme kijiko kimebeba kilo 400, mita 1.5 mbele ya ekseli hiyo, na kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma ni mita 1.6. Magurudumu ya nyuma hupunguziwa kilo 375, na ya mbele hulemewa kwa kilo 775, karibu mara mbili ya mchanga wenyewe. Maji ndani ya matairi yataikandamiza nyuma, lakini hayataipunguzia ekseli ya mbele hata kilo moja, kwa kuwa yako palepale penye ekseli ya nyuma. Kasha la kilo 300 lililo mita 0.9 nyuma ya ekseli hiyo huongeza kilo 469 nyuma na kuondoa kilo 169 mbele. Ndiyo maana trekta lenye kijiko halifungwi vyuma puani: huko ni kumwongezea aliyekwisha elemewa.

Uthabiti wa ubavuni una kanuni nyingine. Ekseli ya mbele imeshikizwa kwa pini moja katikati, ili magurudumu yafuate mabonde ya shamba. Kwa hiyo, licha ya kuwa na magurudumu manne, trekta husimama kama chungu juu ya mafiga matatu: magurudumu mawili ya nyuma na ile pini. Kitovu cha uzito kikiwa ndani ya pembetatu ya mafiga hayo, chungu hutulia. Kikivuka mstari, chungu humwagika. Kijiko chenye mzigo hukivuta kitovu hicho mbele, penye ncha nyembamba ya pembetatu, na kijiko kikiinuliwa hukipandisha juu pia. Ndipo tairi moja la nyuma likipanda kichuguu, trekta hupinduka. Dawa yake ni nne kwa pamoja: uzito chini na nyuma, magurudumu yaliyotanuliwa, kijiko kisichopita magoti wakati wa kutembea, na mteremko kushukwa moja kwa moja badala ya kukatwa ubavu.

Kuna pia kupinduka kinyumenyume. Mnyororo ukifungwa juu ya ekseli ya nyuma, kisiki kikikataa kung'oka, magurudumu husimama na trekta lenyewe huanza kuizunguka ekseli yake. Pua hupaa, na muda wa kukanyaga klachi ni chini ya sekunde moja. Vyuma vya puani husaidia, lakini kinga ya kweli ni kufunga mzigo kwenye ndoano ya chini tu. Mbele pabaki angalau sehemu moja ya tano ya uzito wa trekta. Chini ya hapo usukani huzungushwa na trekta halitii. Na kwa kuwa ufundi wote hukosea siku moja, upinde wa chuma nyuma ya kiti hufungwa na mkanda huvaliwa. Sweden iliufanya upinde huo kuwa lazima kwa matrekta mapya mwaka 1959, na vifo vya kupinduka vikapungua mno.

Mahali pengine farumi haifai kabisa. Katika majaruba ya Mwea au Mbarali, tope halina cha kukamatia. Kila kilo inayoongezwa hulizamisha trekta zaidi. Huko hufungwa magurudumu ya chuma yenye umbo la tundu, yanayopanua unyayo badala ya kuukandamiza. Kanuni hiyohiyo ilitumika kwenye theluji: matrekta ya Ferguson yaliyomfikisha mpanda milima Edmund Hillary Ncha ya Kusini tarehe 4 Januari 1958 yalikuwa yamevishwa minyororo. Na hata penye ardhi ngumu, uzito uliosahauliwa hushindilia udongo ukiwa na unyevu, likajengeka chini tabaka gumu ambalo mizizi hailipenyi wala halinywi maji.

Kwa hiyo farumi hupangwa kwa umri wake. Maji, ambayo ni kazi ya nusu siku kuyatoa, huwekwa kwa uzito ambao trekta linauhitaji mwaka mzima. Visahani vya magurudumu huwekwa kwa msimu wa kulima na kufunguliwa ukiisha. Vipande vya puani huwekwa kwa kifaa kimoja, na kasha la zege kwa kazi ya asubuhi moja. Fundi mzuri hulijengea kasha lake miguu, lisimame lenyewe bandani kwa kimo kilekile cha mikono ya trekta. Humo pia vipande vya chuma hupangwa juu ya ubao, bolti zake zikiwa zimepakwa grisi. Trekta hurudi nyuma polepole, mikono hushuka, pini huingia, na mzigo hupanda bila mtu kuinama. Jioni huachwa palepale, kama mawe ya jahazi yanavyobaki ufukweni shehena inapopatikana.