Fani na Maudhui katika Ramani ya Nchi ya Maziwa

Yumkini baadhi ya wasomaji wetu watashangaa kuona ukurasa huu, uliozoea diwani na tamthilia, ukihakiki ramani ya mchezo wa kompyuta. Lakini mtu aumbaye nchi na kumkaribisha mwenzake aingie humo anastahili kupimwa kama msanii mwingine yeyote. Mchezo wa kujenga miji uitwao Cities: Skylines, ulioundwa na kampuni ya Colossal Order ya mjini Tampere, Ufini, na kutolewa mwaka 2015, huwapa wachezaji chombo cha kuchonga ardhi yao wenyewe. Hapa twazihakiki ramani zao za nchi ya maziwa.

Tuanze na fani. Msanii hupewa eneo la mraba lenye upande wa kilomita 17 na ushei. Mchezaji huanza na kipande cha karibu kilomita 2 kwa 2, kisha, kwa kanuni za kawaida, huongeza hadi vipande 9. Ufinyu huu una kazi ileile ya mizani katika shairi: kila kipande hakina budi kubeba maana. Msanii hodari huweka rasi hapa, kisiwa pale, na shingo nyembamba ya nchi kati ya maziwa mawili, hata mchezaji akajiuliza mapema daraja litapita wapi. Msanii dhaifu hutoboa mashimo, akayajaza maji, akapanda misonobari kandokando, akadhani kazi imekwisha. Wengine huzidisha. Ufini ina maziwa yapatayo 188,000, nao hutaka kuyaingiza yote katika mraba mmoja. Kila barabara huwa daraja, na hazina ya mji hukauka kabla mji haujasimama.

Ama kuhusu maudhui, Tampere yenyewe ni shahidi. Mji huo uliasisiwa mwaka 1779 kwenye shingo ya nchi kati ya ziwa Näsijärvi na ziwa Pyhäjärvi. La kwanza liko juu kuliko la pili kwa mita 18 hivi, na maji hushuka kwa mkondo wa Tammerkoski. Nguvu hiyo ndiyo iliyomvuta James Finlayson, Mskoti, afungue karakana yake hapo mwaka 1820, na ndiyo iliyoendesha viwanda vya nguo vilivyofuata. Tofauti ya vimo iliulea mji.

Kwa hiyo ramani inayolaza maziwa yote kwenye kimo kimoja imepoteza dhamira yake. Katika mchezo huu maji hutiririka kweli. Atakaye umeme wa bwawa sharti apate mteremko. Amwagaye maji machafu juu ya mkondo na kuvuta ya kunywa chini yake huwaugulisha raia wake. Katika ziwa lililotuama uchafu hutambaa polepole mpaka ukaifikia pampu. Ramani nzuri huyasema haya bila kuhubiri.

Kwa walimu wenzetu, twaona hapa hazina ya somo. Rasi, ghuba, mkondo, kina na mteremko ni maneno ambayo wanafunzi aghalabu huyakariri bila kuyaona. Mwanafunzi akitakiwa kueleza kwa Kiswahili kwa nini ameiweka pampu yake mahali fulani, itambidi ayatumie yote kwa usahihi, maana akikosea, mji wake utaugua.